Samaki Aliyeuma Kitambaa

Kila siku akitoka shule, Pilipili alivua sare, akaifua na kuianika, kisha akachukua ufito wake na kopo la panzi, akateremka bwawani. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya ukali wake. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini ukimgusa, machozi yanakutoka wewe.

Joto la msimu ule lilikuwa limeyafyonza maji hadi ukingo ukapasuka kama kisigino kikavu. Kandokando maji yalifika magotini tu, na samaki wa mdomo mpana, ambao watoto waliwaita Domo, walionekana waziwazi. Kuwaona ilikuwa rahisi, kuwapata ndiyo kazi. Katika maji mafupi samaki husikia hata mguu uliokanyaga vibaya.

Siku hiyo Pilipili hakwenda kujifurahisha. Mama yake alikuwa ametoka hospitali akiwa na mdomo mchungu. Uji aliusukuma, wali aliusukuma. Asubuhi alinong'ona, "Labda mchuzi wa samaki ungeshuka."

"Utaunywa leo hii, mama," Pilipili alimjibu.

Sasa alijibanza nyuma ya matete, akatupa ndoana. Domo mmoja mnene akageuka, akaanza kusogea. Pilipili akabana pumzi.

"Ehee! Mvuvi mkuu!"

Alikuwa Redio, mtoto wa mama yake mkubwa. Waliishi nyumba moja, na jina lake lilitokana na kwamba alizungumza hata usingizini. Domo akapotea kama moshi.

"Nenda zako, Redio!"

"Kwani unavua au unawabembeleza walale? Hata panzi wako amesinzia!"

Pilipili aliruka kama bisi kwenye kikaango. Akaokota donge la udongo, akamrushia, akamfukuza hadi barabarani. Redio alikuwa na mbio. Alizunguka nyuma ya nyumba ya pampu akatoweka. Pilipili aliporudi akihema, alimkuta amekaa pale pale penye kivuli cha matete, mshipi wake majini.

"Aondokaye huacha nafasi, dada," Redio alisema huku akicheka.

Haikuwa mara ya kwanza. Pilipili alipanda nyumbani, akaipiga teke ndoo iliyokuwa mlangoni. Mama mkubwa, ambaye alikuwa fundi wa kushona, akasimamisha cherehani.

"Ndoo imekukosea nini?"

"Redio! Kila siku Redio! Ananichokoza, nikimfukuza anachukua mahali pangu! Na mama hajala!"

Mama mkubwa hakumpa pole. Aliokota kipande cha kitambaa chekundu sakafuni, akachukua uzi, akasema, "Twende."

Alimpeleka upande mwingine wa bwawa. Hapo, juu ya kishimo cha mchanga, Domo mmoja alisimama majini bila kusogea. Mama mkubwa alifunga kitambaa kwa uzi kwenye kijiti, bila ndoana, akakishusha taratibu. Domo akakirukia, akakiuma, akakitema. Kikashushwa tena. Akakiuma tena.

"Ana njaa huyo," Pilipili alisema.

"Njaa gani? Kitambaa kinaliwa? Huyo ni baba, analinda mayai. Ana hasira, na haki anayo. Lakini hebu angalia nyuma yake."

Pilipili akainama. Kila Domo alipokimbilia kitambaa, visamaki vidogo vilichomoka kwenye majani, vikadonoa mayai kishimoni, vikakimbia.

"Mimi nimesimama hapa sina hata jasho," mama mkubwa alisema. "Anayehangaika ni yeye, na anayeliwa ni yeye."

Pilipili aliinua kichwa. "Kwa hiyo mimi ni samaki?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe." Akakunja uzi. "Redio ni mwanangu, nitamnyoosha mwenyewe. Huyu mwache na watoto wake. Wewe kamvue mwenye njaa."

Mama mkubwa akarudi kwenye cherehani yake. Pilipili akatafuta matete mengine, akachutama, akatupa ndoana. Haikupita muda, Redio akatokea. Kwa kelele zake hakuwa amepata hata kidagaa.

"Umehama? Samaki wamekufukuza?"

Kimya.

"Leo pilipili haiwashi! Imeoza?"

Kimya. Redio akaona mchezo unamponyoka, akasema neno ambalo hakulipima. "Hata ukivua bwawa zima, mama mdogo hatakula!"

Masikio ya Pilipili yalipata moto. Vidole vyake vilikuwa vimeshafumbata donge la udongo. Hasira haikuondoka, wala hakujidanganya kwamba imeondoka. Aliikalia tu, kama mtu aliyekalia kifuniko cha sufuria inayochemka, macho kwenye boya.

Boya likazama.

Hakulivuta kwa pupa. Aliuinua ufito polepole, akarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi Domo mkubwa akatua kwenye tope akipigapiga mkia. Redio alibaki kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu.

Jioni, baada ya Pilipili kumsimulia yote, mama mkubwa alimpa Redio kisu na samaki. "Mpare magamba. Ukimaliza, ingia ndani ukamwambie mama yako mdogo ulichokisema bwawani."

Redio aliingia kichwa chini, akasema yote, akaomba radhi. Mama wa Pilipili akasema, "Nimekusamehe, lakini umeniumiza." Redio akafuta macho kwa mkono unaonuka samaki.

"Sikilizeni nyote wawili," mama mkubwa alisema mchuzi ulipokwisha kupakuliwa, na sauti yake haikuwa laini. "Redio, kumchokoza mtu mwenye mgonjwa nyumbani si utani, ni ukatili. Nisikusikie tena! Na wewe Pilipili, sikukwambia usikasirike. Mungu hakutupa hasira bure; mwenye cha kulinda lazima akasirike. Lakini hasira yako ishike wewe. Ukimwachia mwenzako, atakuvuta kokote atakako, na huku nyuma ulichokuwa unakilinda kitaliwa."

Mama wa Pilipili alikuwa amemaliza mchuzi. Akasogeza bakuli lake mbele, aongezewe.