Mtoto wa Kwenye Shaba

Karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye kinu cha kuchapia, Mtoto Yesu alikuwa amefumba macho. Kwenye bamba la shaba Jost, mchonga picha, alimchonga ameyafumbua. Na Jost hakosei. Mji mzima wa Kolmar hakuna mkono kama ule. Anayebisha alete wake.

"Wino umezidi," Jost alisema.

"Umezidi wapi? Huyo ni Anselm," mkewe Ottilia alinong'ona.

Anselm alikuwa mtoto wao. Alizaliwa amekufa, maji ya ubatizo hayakumwahi, akazikwa nje ya ukuta wa kanisa kama mbwa. Ndipo Jost akafanya ujanja: akachonga Bikira Maria na Mwana, ndege chiriku mkononi mwa Mwana kuwa ishara ya mateso yanayomngoja, na uso akauweka wa Anselm. Picha ikibarikiwa na kubandikwa kanisani, mtoto keshaingia. Mapadri watajuaje?

Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka niliposimuliwa yaliyofuata.

Karatasi ya pili, mtoto aligeuza shingo. Ya tatu, alimwachia chiriku, akanyoosha mikono nje ya picha, kuelekea alikosimama Ottilia. Karakana ikanuka maziwa yaliyochacha, na mchana kweupe, kati ya karatasi zilizoanikwa, ikasikika sauti ya kunyonya, taratibu, kama ya mtoto aliyelipata titi baada ya njaa ndefu, ikihama kutoka kamba hadi kamba, ikimsogelea mama yake, ambaye kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa na hana habari.

Padri Wendelin akaitwa. Alinusa, akarudi hadi mlangoni.

"Futa uso huo, Jost. Umemfungulia njia asiye na pa kwenda."

"Alishafukuzwa mara moja," Ottilia alisema. "Leo tena?"

"Binti yangu, huyo si mwanao."

"Wewe ulimwona lini, Padri? Hata kuzika hukuja."

Padri akamgeukia Jost, akaionyesha shaba kwa kidole.

Jost akachukua chuma cha kusugulia, akasugua shaba huku analia, mpaka mtoto mzima akafutika, mikono ya Maria ikabaki imekumbatia hewa. Sauti ikakatika. Padri akanyunyiza maji ya baraka, akaondoka mbio zaidi kuliko alivyokuja.

Jost alipogeuka, Ottilia alikuwa ameketi kwenye kigoda, shali limekunjwa mapajani, mkono wake ukilipigapiga polepole. Shali lilikuwa likipanda na kushuka.

"Ottilia."

"Punguza sauti. Ndiyo kwanza analala."

Jost akavuta kigoda kingine, akaketi kando yao.