Aliyeitwa Bila Kuagwa

Kipande cha muziki kikishakatwa hakipumui. Mkasi alilijua hilo vizuri, maana kukata ndiko kulikompa jina. Kazi yake ilikuwa kuchukua santuri za jazi za wazee, kuchomoa mahali patamu na kupazungusha, kisha Bonge, mwenzake wa studio, anachapa ngoma za hip-hop juu yake. Lakini kipande cha mchana ule kilipumua. Kila kilipofika mwisho na kurudi mwanzo, pale kwenye kiungo, alisikika mtu akivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama anayejizuia kusema neno.

"Si baba yako huyo?" Bonge alisema. "Wapiga saksafoni nao ni watu, wanapumua. Au ulitaka apulize kwa masikio?"

Mkasi aliitafuta ile pumzi kwenye kompyuta, akaikata, akapiga tena. Ilirudi, na safari hii ilikuwa ndefu zaidi.

Santuri yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Mkasi. Bendi yake ilipiga nyimbo nyingi, lakini huo mmoja ndio ulioingia kila nyumba, kwa ajili ya mwanzo wake tu: saksafoni inapanda, inapanda tena, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya uwanja. Mwisho wake hakuna aliyeujua. Wimbo ulikuwa mrefu kama mahubiri, na watu mahubiri huwa wanayatoroka: walitoka wakaiacha santuri ijimalizie. Mkasi naye alichukua ule mwanzo, yaliyobaki akayaacha bila hata kuyasikiliza. Hivyo ndivyo mafundi wa kazi hii wanavyofanya wote, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo.

"Unasikia harufu?" aliuliza.

Bonge alinusa. Chumba kile cha uani kilikuwa kimepigiliwa magodoro makuukuu ukutani ili kuzuia sauti, na siku zote kilinuka jasho na vumbi. Leo kulikuwa na kitu kingine: shaba iliyoshikwa na mikono yenye jasho, na nyuma yake nywele zilizoungua.

"Waya," Bonge alisema, ingawa hakuinuka kutazama waya wowote.

Radi aliingia akiwa anakariri mistari yake. Huyu alikuwa mdogo wake Mkasi, wa tumbo moja, mwenye domo la kuuza barafu kwenye baridi. Wazazi walipokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, Mkasi alibaki na mtu mmoja tu wa kumpikia, kumgombeza na kumsubiri mlangoni, naye ni huyo. Angemkosa, angekosa kila kitu, na alikuwa akimwambia hivyo waziwazi mpaka kijana anaona haya.

"Dada, leo nawamaliza," Radi alisema, akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia chenye dirisha la kioo, akavaa vipokea sauti.

Bonge alikuwa ameweka ngoma kali, yenye kishindo kama kofi. Kipande kikazunguka, Radi akafungua mdomo. Kofi la kwanza lilipolia, kichwa chake kilienda kulia. La pili, kikaenda kushoto.

"Mwone anavyoingia kwenye mdundo!" Bonge alicheka, akipiga mapaja.

Mkasi naye alicheka kidogo. Kisha akaona: shavu la mdogo wake lilibonyea kwanza, ndipo kichwa kikageuka. Radi alikuwa bado anaimba. Alikuwa akiimba huku machozi yanamtoka, sauti inapasuka, maneno yanakuja na mate mekundu, na kofi lililofuata likapaka kioo damu kutoka juu hadi chini.

Mkasi alizima mashine. Studio ikanyamaza kimya, na katika kimya kile, kwa mwendo uleule wa ngoma iliyokwisha kuzimwa, kichwa cha Radi kikaenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, ndipo akaanguka. Walipomfikia alikuwa ameshika meno mawili kiganjani.

"Umeichukua?" aliuliza. "Dada, umeirekodi hiyo?"

Walimpeleka zahanati, wakamwambia daktari kwamba ana kifafa. Daktari alimtazama Radi, akamtazama Mkasi, akauliza kwa upole ni nani hapo nyumbani anayempiga kijana.

Sasa Bonge si mtu mbaya. Alikuwa na tamaa ya kawaida tu, ile ambayo kila mmoja wetu anayo ila hajapata nafasi. Sauti ile ya Radi ilikuwa na uchungu ambao hakuna msanii awezaye kuuigiza, naye Bonge alijua. Bila kumwambia mtu, aliutuma wimbo kwa Kasuku, mtangazaji wa redio anayesikilizwa mtaa mzima.

Kasuku aliupiga kesho yake asubuhi. Radi alikuwa mezani, kikombe cha chai mdomoni. Saksafoni ilisikika kutoka kwa fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara, kutoka kwa kinyozi, kutoka dirisha la jirani, zote kwa pamoja, na kofi lilipolia kikombe kilivunjikia ndani ya mdomo wake. Mkasi alimrukia akamlalia, akamfunika kama mama anavyofunika mtoto mvua inapopiga. Haikusaidia. Kipigo kilipita chini yake, kikawainua wote wawili, kikawabwaga sakafuni, kikawainua tena. Mkasi alisikia ubavu wa mdogo wake ukialika dhidi ya wake.

"Wazime!" alimpigia Bonge kelele kwa simu. "Mwambie huyo mtu wako azime! Anamuua!"

Bonge alimbembeleza Kasuku, kisha akamtukana, kisha akambembeleza tena, mpaka wimbo ukafutwa. Alikuja mbio kuleta habari. Alifika mlangoni, mkono kwenye fremu, akihema, akasema, "Umefutwa. Hakuna tena wimbo." Mlango wa chuma ukajifunga juu ya vidole vyake. Ukafunguka. Ukajifunga. Redio zote za mtaa zilikuwa zinasoma bei za mazao, na mlango uliendelea kwa mdundo uleule wa wimbo, wala haukukosea hata mara moja, mpaka Mkasi alipomvuta Bonge ndani. Vidole vyake vilikuwa vinatazama upande usio wao.

Mchana huo alikuja shangazi, dada wa baba yao, aliyekuwa mpiga piano wa bendi ile na mwenye ulimi uliowakimbiza wachumba watatu. Hakusema neno la karaha. Alisimama kizingitini, akanusa, akashika ukuta.

"Nani amempigia saksafoni?" alinong'ona.

"Nani, shangazi?"

Alifungua kilemba, akageuza kichwa. Nyuma ya sikio palikuwa na shimo linaloweza kumeza ncha ya kidole gumba. "Huyo aliyenipa hili. Nilikuwa msichana, jini likanipenda, na mapenzi yake ni hayo mnayoyaona. Mganga akapata wimbo wake. Mwanzo wa kumwita, katikati ya kumsikiliza na kumtuliza, mwisho wa kumuaga. Mganga alipokufa, baba yenu akautia kwenye saksafoni. Kila likinipanda ananipigia, mwanzo hadi mwisho. Linakuja, linasikilizwa, linaagwa, linaondoka. Halikuwahi kukaidi. Ni jini, lakini lina adabu zake."

"Mimi nilichukua mwanzo tu," Mkasi alisema.

"Ukafanyaje?"

"Nikauzungusha."

Shangazi alikaa chini polepole. "Yaani unamwita mtu, akifika mlangoni unamwita tena kama hujamwona. Tena. Tena. Siku nzima. Wewe mwenyewe usingepiga mtu?" Alimtazama Radi kitandani, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili. "Na sauti ya huyu ndiyo iliyokuwa juu ya wito. Linajua ni yeye anayelichezea."

"Basi nimpigie ule wote. Sasa hivi, hapa."

"Ungekuwa umemwita hapa, angeagwa hapa. Ninyi mmemwita mbele ya mji mzima. Mgeni aliyeitwa hadharani haagwi chooni. Apigiwe kulekule, wimbo mzima, na asikatizwe. Ukikatizwa, msinitafute."

Basi Mkasi akakaa kwenye mashine akafanya kazi ambayo hajawahi kuifanya: hakukata kitu. Aliulaza wimbo wa baba yake kama ulivyo, ngoma za Bonge zikamfuata baba anakokwenda badala ya kumburuta, na sauti ya Radi akaiacha ipite juu kisha ife mapema, ili mwisho ubaki wa saksafoni peke yake. Alilia alipousikia mwisho ule kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri kuliko mwanzo, na alikuwa ameishi na santuri ile maisha yake yote.

Bonge alikwenda redio, mkono umefungwa kwenye shingo, akakaa karibu na Kasuku. Kasuku alikuwa na ugonjwa wa kudandia kila wimbo kwa maneno yake. Bonge alimwonyesha vile vidole na kumwambia, "Ukifungua mdomo wimbo ukiwa unaendelea, nitakufanyia hivi." Kasuku akaapa. Wimbo utapigwa mara moja tu, kisha utafutwa.

Nyumbani walimfunga Radi kwenye godoro kwa mashuka. Redio ikasema jambo, ikanyamaza, na saksafoni ikaita.

Lilikuja. Harufu ya shaba ilijaa chumbani mpaka ikawa kama kitu cha kutafuna, na pumzi ile ikasikika karibu, juu ya vichwa vyao, kisha kabati likaruka kutoka ukutani na kumbamiza shangazi ubavuni, mashuka yakachanika kwa pamoja kama karatasi, Radi akainuliwa kwa mkono mmoja tu, akining'inia hewani, na ule mkono ukaanza kuzungushwa, taratibu, bila haraka, kipande cha mbele kwenda huku na cha nyuma kwenda kule, mpaka mfupa ulipolia na yeye akalia, na Mkasi akamkamata miguu akawa anamvuta chini huku akipigwa mateke na mtu asiyemwona, tumboni, kifuani, mdomoni, huku redio inaendelea, baba yake anapuliza sehemu ya katikati, ile ya kusikiliza, na shangazi chini ya kabati analipigia jini kelele, "Sikiliza, jamani, sikiliza, mwisho unakuja, hawajakuacha, unakuja!" na Mkasi akiomba Mungu, akiomba Bonge, akiomba mdomo wa Kasuku ubaki umefungwa.

Ukaja mwisho. Saksafoni ikashuka ngazi moja, ikangoja, ikashuka nyingine, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni hadi njiani na hana haraka ya kurudi. Mateke yakapungua. Radi akateremshwa godoroni, akalazwa, tena kwa uangalifu. Noti ya mwisho ilikuwa ndefu, na chini yake pumzi ile ikatolewa, yote, mpaka ikaisha. Madirisha yalitikisika mara moja. Harufu ikakatika.

"Ameondoka," shangazi alisema kutoka chini ya kabati. "Sasa niinueni, mnangoja niwe fanicha?"

Walicheka, kwa maumivu, wakishikana. Radi alipelekwa hospitali, akafungwa plasta, akarudi nyumbani, akaanza kula vyakula laini na kulalamika kama zamani. Bonge alileta habari kwamba Kasuku alifuta wimbo mbele ya macho yake. Mkasi alikuwa akilala na kuamka bila kushtuka. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akawa anaisema kwa sauti, akifua, akipika, "Ninaye bado. Ninaye mdogo wangu."

Siku moja mchana alikwenda duka la dawa kununua bandeji. Msichana wa duka alikuwa akizihesabu, na kwenye rafu, kati ya chupa za dawa ya kikohozi, redio ilikuwa wazi.

Saksafoni ikaita. Ikapanda, ikapanda tena, ikakatika katikati ya pumzi.

"Hiki ni kipindi kipya cha Kasuku, ndugu msikilizaji," sauti ya Kasuku ilisema kwa raha. "Na mlio wetu mpya huo, tutakuwa nao kila baada ya tangazo. Kitamu, sivyo? Nilichukua mwanzo tu."

Likaja tangazo la sabuni. Ikaita tena. Likaja tangazo la mabati. Ikaita tena.

"Dada, bandeji zako!" msichana alimwita.

Mkasi alikuwa ameshatoka mbio. Kinyozi alikuwa na stesheni ileile, fundi wa kuchomelea alikuwa nayo, na kila alipopita dirisha saksafoni ilikuwa inaita na kukatwa. Kabla hajafika kwao alimsikia shangazi akipiga ukelele, kisha mwingine, kisha mwingine, na zote zilikuwa zinakwenda sawasawa na ule mdundo wa makofi.