Thermoflash ya Papa Josaphat

Asubuhi ile Kahindo alikuwa anaangusha radio chini. Aliinyanyua mpaka urefu wa meza, akaiachilia, ikapiga ku simenti. Akaiokota, akaiwasha, akasikiliza. Kisha akaandika mu kitabu: mara ya saba, inaimba. Akaiangusha tena. Mara ya tisa radio ikanyamaza. Akaandika: mara ya tisa, imekufa.

Ile njo kazi yake. Kahindo ni ingénieur wa électronique. Anatumika kwa État, ni kusema serikali, mu ofisi ndogo hapa Bunia yenye kuchunguza vyombo mbele viende ku soko. Watu wengi wanawaza ingénieur anatengenezaka vitu. Yeye anaviharibuka. Anaacha taa inawaka siku tatu bila kuzima. Anachomeka chaja na kuichomoa mara mia tano. Anaweka chombo karibu na moto, kisha anaiweka mu baridi, aone kama itasahau kazi yake. Mwisho anapiga cachet, ule muhuri wa ofisi: accepté, imekubaliwa, ao refusé, imekataliwa. Hakuna mutu anamupigia mikono.

Saa kumi na moja ya magaribi, moto, ile pikipiki ya kubeba watu, ilimuacha ku mulango wa parcelle, kiwanja ya nyumba yenye alikuwa anapanga, mu Nyakasanza. Papa Josaphat, bailleur wake, ni kusema mwenye nyumba, alikuwa anakaa ku kiti yake pale pale kwa kuingilia. Mu mukono alishika thermoflash, ile chombo nyeupe kama pistolet ya watoto, yenye wanaelekeza ku paji la uso kwa kupima joto ya mwili.

Mu Bunia hakuna mutu asiyeijua. Wakati wa Ebola walikuwa wanapima watu nayo ku kanisa, ku masomo, ku barrière ya kila barabara. Papa Josaphat alitumika ku barrière miaka miwili. Kazi ilipoisha, alirudi na gilet, ile koti ya kazi bila mikono, na thermoflash. Gilet ikapasuka. Thermoflash ikabakia. Sasa watu wa avenue muzima walikuwa wanamuletea watoto, na hakuomba hata fungu la sombe, majani ya muhogo. Alipenda tu mutu afike mbele yake na ainamishe kichwa.

“Ingénieur, karibu. Leta kichwa.”

Kahindo akainama. Ilikuwa miezi munane anainama vile.

“Trente-six quatre,” Papa Josaphat akasoma. Ni kusema 36,4, joto ya mutu muzima. “Uko bien. Leo umeua nini?”

“Radio moja, Papa.”

“Ona kazi. Wajukuu wangu wameua radio mbili mu nyumba hii, na État haijawalipa hata siku moja.”

“Waandike barua ya kuomba kazi.”

“Hawajui kuandika. Wanajua kuua tu.”

Emérance, binti ya Papa Josaphat, akatoka mu nyumba na mutoto wake Orly ku mukono. Orly alikuwa na mwaka moja na miezi miwili. Siku zote alikuwa anavuta nywele za Kahindo. Leo kichwa yake ililala ku bega la mama, macho nusu wazi.

“Papa, mupime tena. Amekataa kunyonya toka asubuhi.”

Papa Josaphat akaelekeza chombo. Ikalia kidogo.

“Trente-six quatre. Nilikuambia jana, nilikuambia juzi. Hana homa. Ni meno njo inakuja.”

“Lakini anawaka, Papa.”

“Mukono yako haina namba, Emérance. Hii iko na namba.”

Kahindo akagusa shingo ya mutoto. Akatoa mukono mbio. Mutoto alikuwa kama sufuria yenye wametoa sasa hivi ku makala ya moto. Na Kahindo mwenyewe alitoka mu jua, jasho inamutiririka, lakini chombo ilimupa namba ile ile. Trente-six quatre yeye, trente-six quatre mutoto.

Ku kazi, namba mbili za namna ile zingemufanya asimame. Lakini hapa alikuwa locataire, mupangaji tu, na mwenye chombo alikuwa bailleur. Akaangalia Orly tena. Akasema polepole:

“Papa, naomba unikopeshe ile kitu kidogo.”

“Ya kufanya nini?”

“Nipime ukuta.”

Papa Josaphat akamuangalia. “Ukuta iko na homa?”

“Njo nataka kujua.”

Emérance akacheka kidogo, kisha akaacha. Kahindo akaelekeza chombo ku ukuta wa matofali, upande wa kivuli. 36,3. Akaenda ku bidon ya maji yenye walitoa ku robinet. Maji ilikuwa baridi. 36,4. Akaenda ku mbabula, jiko ya makala, pale maharagi ilikuwa inatokota. 36,5.

Akarudisha chombo mu mukono ya Papa Josaphat, asome mwenyewe.

“Papa, thermoflash yenye kufanya kazi muzuri, ukielekeza ku ukuta baridi, inakataa. Inaandika herufi mbili, L na o. Ni kusema hapa ni baridi sana, hapa hakuna mutu. Chombo muzuri inajua kukataa. Hii yako haikatae kitu. Jicho yake ya kupima joto imekufa, na inajibu namba ya mutu muzima kwa kila kitu.”

“Labda ni piles.”

Kahindo akatoa piles mpya mu torche yake, akaziweka. Papa Josaphat akapima maharagi yeye mwenyewe. 36,4. Akapima tena. Akapima bega lake, kiti, kuku moja yenye ilikuwa inapita. Kuku nayo ilikuwa bien.

Hakuna mutu alicheka.

“Siku tatu,” Emérance akasema. Sauti yake haikupanda. “Siku tatu nakuambia anawaka, Papa.”

Papa Josaphat akasimama. “Ita moto,” akaambia Kahindo. “Ita ile ya mbio.”

Ku centre de santé, kituo ya afya, infirmier aliweka thermomètre mu kwapa ya Orly, akangoja mpaka ikalia. 39,8. Akatoboa kidole, akatia tone ya damu ku test. Dakika kumi na tano wakangoja ku banc, watatu na mutoto. Mistari miwili ikatokea.

“Ni malaria,” infirmier akasema. “Na damu yake inaanza kupunguka. Homa ilianza lini?”

“Siku tatu,” Emérance akajibu.

“Na mulikuwa munangoja nini, mama?”

Emérance alitazama ukuta. Papa Josaphat njo alijibu.

“Walikuwa wananingoja miye.”

Orly akalala pale siku mbili, na sindano ku mukono. Siku ya kwanza hakufungua macho sana, na infirmier alikuwa anapita kila saa. Emérance hakutoka hata kuoga. Siku ya pili, mbele ya saa sita, mutoto akaomba bouillie, uji. Alipomaliza akavuta badge ya infirmier mpaka ikakatika. Infirmier akasema sasa wanaweza kurudi nyumbani, na dawa waimalize yote, hata mutoto akianza kukimbia.

Siku zile kiti ya Papa Josaphat ilikuwa tupu ku mulango wa parcelle. Asubuhi ya tatu akapiga ku mulango wa Kahindo. Alivaa shati ya kanisa. Thermoflash alikuwa ameifunga mu kitambaa.

“Peleka ku kazi yako. Uiue.”

“Twende wote, Papa. Utasaidia kusoma.”

Ku ofisi, Kahindo alimupa kiti. Akatayarisha mabakuli ine ya maji, kila moja na joto yake: 35, 37, 39, 41. Mu kila bakuli akatia thermomètre ya ofisi, ile yenye wanachunguzaka kila mwaka. Papa Josaphat akawa anaelekeza chombo yake na kusoma kwa sauti, Kahindo anaandika.

“Trente-six quatre. Trente-six quatre. Trente-six cinq.” Akafika ku bakuli ya mwisho. Maji ilikuwa inatoa mvuke. “Trente-six quatre.” Akaweka chombo ku meza. “Ku barrière nilipima watu elfu na elfu. Wale nao?”

Kahindo hakutaka kumudanganya.

“Sijui, Papa. Labda wakati ile ilikuwa inafanya kazi. Chombo inaweza kuanza muzuri na kufa polepole, bila kelele. Taa ikikufa, unaona giza. Hii ikikufa, inaendelea kusema. Njo maana kuijaribu siku ya kwanza haitoshi. Lazima kuichunguza tena na tena.”

“Nilikuwa naiweka ku dirisha. Mu jua.”

“Jua inaichosha. Vumbi nayo, na mvua.”

“Na mbele ya kupima nilikuwa naipangusa na mate.”

Kahindo akaandika ile pia. Kisha akaweka bic chini.

“Na miye niko na kosa yangu, Papa. Hapa sikubalie chombo yoyote bila kuiuliza. Kwako nimeinamisha kichwa miezi munane. Sikuuliza, sababu uko bailleur.”

“Ungeniuliza, ningekufukuza.”

“Nilijua.”

“Eh bien,” Papa Josaphat akasema. “Piga cachet yako.”

Akapiga. Refusé. Papa Josaphat akaomba aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili.

Siku ya Mungu, Jumapili, kiisha ibada, wamama watatu wakafika ku parcelle na watoto, kama desturi. Papa Josaphat alikuwa amerudi ku kiti yake. Mikono ilikuwa tupu.

“Iko wapi, Papa?” mama moja akauliza. “Huyu analia usiku.”

“Iko ku État. Ilikuwa inadanganya, na miye nilikuwa nasoma uongo yake kwa sauti. Ilisema hata kuku iko bien.”

Wamama wakaangaliana.

“Sikilizeni. Mutoto akiwaka ku mukono yako, akikataa kunyonya, akilala tu bila kucheza, usitafute namba kwangu. Ende ku centre de santé siku ile ile. Siku ile ile, nimesema, haiko kesho. Kule watatoboa kidole, watajua ni malaria ao ni kitu ingine.”

“Na wenye kuwa na thermoflash mu nyumba?” mama ingine akauliza. “Shemeji yangu iko nayo.”

Papa Josaphat akageukia Kahindo. Kahindo alikuwa anaanika nguo. Hapendi kusema mbele ya watu, lakini akasogea na pince za nguo mu mukono.

“Aiweke mbali na jua na moto. Kioo yake apanguse na kitambaa kavu, muzuri. Kama ilikuwa inje, aiache ndani nusu saa mbele ya kupima. Paji la uso lisiwe na jasho. Na amupime mutu muzima, kisha apime ukuta baridi. Kama namba ni moja, aiache kabisa. Hata ile muzuri haijue malaria. Inajua joto tu. Kwa mutoto, thermomètre ya kwapa ni nzuri zaidi.”

“Na mukono ya mama?”

“Mukono ya mama haina namba,” Papa Josaphat akasema mbele Kahindo ajibu. “Lakini ile siku njo ilisema kweli.”

Emérance alikuwa anachagua muchele pale pembeni. Hakuinua kichwa. Lakini aliacha kuchagua kwa kitambo.

Mama mwenye mutoto wa kulia usiku alimufunga mutoto ku mugongo, akatoka kuelekea centre de santé. Wengine wakaenda kwao. Kahindo akatoa karatasi ya rapport, sababu kesho chef wake angeiomba. Kulikuwa swali moja lenye hajajaza.

“Papa, wanauliza vyombo vingine vya aina hii viko wapi. Wakati ile walikupatia moja tu?”

Papa Josaphat akahesabu ku vidole. Mu carton kulikuwa sita. Mbili zilivunjika ku barrière. Mbili ziliibiwa. Moja ni ile. Akabakia na kidole moja imesimama.

“Fiacre,” akasema.

Fiacre walitumika naye ku barrière moja. Sasa yeye iko Mongbwalu, anauza vinywaji kwa wachimbaji wa zahabu. Mu mwezi wa pili alituma picha: amekaa mbele ya duka, thermoflash mu mukono, wamama wamepanga mulongo na watoto ku mugongo.

Papa Josaphat akapiga simu. Sauti ya mwanamuke wa réseau ikamwambia namba haipatikane. Akapiga tena, ikawa vile vile. Basi akavaa miwani, akaandika na kidole moja, herufi kwa herufi. Hakukubali Kahindo amusaidie.

“Fiacre ndugu yangu. Ile thermoflash usipime nayo tena mutu. Imekufa kama yangu. Mutoto wa Emérance karibu atuache. Wenye watoto wa homa watume ku hospitali leo. Ukisoma nijibu.”

Akatuma. Alama moja ya kijivu, yenye kusema ujumbe umetoka lakini haujamufikia Fiacre, ikatokea pembeni ya maneno. Akaweka simu ku goti, écran juu.

Jua ikashuka. Emérance akaleta bugali, wakakula. Asubuhi, Kahindo alipotoka kuenda ku kazi, Papa Josaphat alikuwa tayari ku kiti, na simu ku goti. Kahindo akainama aangalie.

Alama ilikuwa bado moja.