Injini ya Tatu

"Kapteni, hii boti ina injini ngapi?"

Binamu yangu, fundi ambaye gatini kote wanamwita Waya, aliuliza hivyo saa nane mchana, fomu mkononi, jua linawaka. Kapteni alijitia kukagua maboya.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kufunga kisanduku kinachokusanya taarifa za gia na mafuta kutoka kwenye injini na kuzipeleka kwenye skrini. Hakiamrishi kitu, kinasikiliza tu. Unawasha injini moja moja, unaipa namba, unazima. Ya kushoto, moja. Ya kulia, mbili. Jioni abiria mia na ushee wangepanda, lakini bila sahihi ya Waya boti haiondoki.

Akazima zote. Skrini ikaandika: Injini 3.

"Makubwa! Umejifungua lini?" akaitania boti.

Gia: mbele. Mafuta: lita kumi na nne kwa saa.

Akachomoa waya wa kushoto. Akachomoa wa kulia. Namba za ile ya tatu zikaendelea kupanda.

Katikati ya sakafu ya chumba cha injini palikuwa na bamba la chuma lililochomelewa. Akaliwekea kiganja. Lilikuwa la moto.

"Ifute tu, mwanangu," kapteni alinong'ona kutoka ngazini.

Hapo ndipo Waya alipokumbuka. Zamani hapo palikuwa na injini ya katikati. Iling'olewa baada ya shafti yake, chuma kinachozunguka gia ikitiwa, kumsaga fundi aliyekuwa akiisafisha. Mkewe akaambiwa mbele za watu kwamba marehemu alitia gia mwenyewe, kwa uzembe. Uzembe! Mtu amelala chini ya shafti, mikono yote miwili ina tambara, gia aitie kwa meno? Na wakubwa wazima wakatikisa vichwa, wakasaini, wakaenda kunywa chai.

Waya akabonyeza skrini kuona amri ya gia imetoka wapi.

Usukani.

Kule juu hapakuwa na mtu. Kapteni alikuwa hapa.

"Nilidhani ameshatoka," akasema. "Nilimwita mara moja. Sikungoja."

"Na mkewe ukamwambia nini?"

Kapteni akashuka, akanyoosha kidole kwenye skrini, akaifuta ile ya tatu.

Orodha ikabaki na mbili.

Chini ya bamba, kitu kikaanza kuzunguka.

Waya alipanda ngazi bila kusaini. Akasaini mwingine; wa kusaini hawakosekani. Asubuhi, boti iliporudi, bamba lilikutwa limevimba kutokea chini. Vidole vitano. Chuma cha milimita sita. Wamelipaka rangi, na ukipitisha mkono juu yake bado unavihesabu.

Waya amemtafuta yule mjane mitaa yote. Alihama na wanawe, kwa aibu ya jambo ambalo mumewe hakulifanya. Wewe unayesikia haya, ukimjua, nenda kamwambie: gia ilitiwa kutoka usukani.