Kutu Tumboni mwa Lori

Kila asubuhi, kabla jua halijafika juu ya paa la jirani, mke wa dereva alifagia ua. Alifagia majani taratibu, huku mawazo yake yakitembea mbali. Alipofika mahali lori lilipoegeshwa, ufagio ulikusanya kitu kingine. Yalikuwa magamba membamba ya rangi ya kahawia, mepesi kama mbawa za kumbikumbi. Aliyafikicha kwa vidole, yakawa unga.

"Lori lako linapukutika kama mti," alimwambia mumewe.

Dereva alikuwa akinywa chai mlangoni. "Ni vumbi la safari tu, mwenzangu."

Lori hilo lilikuwa lake mwenyewe. Lilibeba chumvi kutoka kwenye mabwawa ya mbali hadi kwenye maghala ya mjini. Siku za mapumziko dereva aliosha vioo, milango na taa mpaka vikang'aa. Chini hakuangalia. Nani huangalia tumbo la lori?

Jioni moja alirudi akiendesha polepole. Chini ya lori kulikuwa na mlio, kwii, kwii. Aliinama akachungulia. Kishikizo cha tairi la akiba kilikuwa kimeliwa na kutu, kikakatika upande mmoja. Tairi lenyewe lilining'inia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Dereva aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Una nini?" mkewe aliuliza.

"Basi la wanafunzi lilinifuata mlima mzima," alisema kwa sauti ndogo. "Tairi hili lingeanguka mbele yao..."

Mkewe hakumtaka amalize.

Asubuhi yake dereva alitoa kopo la rangi ya buluu iliyobaki walipopaka geti. Akatoa na jeki.

"Leo naifunika kutu," alisema. "Ikikosa hewa itakufa yenyewe."

Aliinua lori kwa jeki ili mwili wake mnene upite vizuri. Akalala chali, akajisukuma chini mpaka kifuani.

"Wewe! Toka huko!"

Sauti ilitoka kwenye ua wa jirani. Alikuwa Bi Msasa. Mama huyu alikuwa amepaka rangi madaraja ya chuma kwa miaka ishirini na sita, akining'inia kwa kamba juu ya mito. Sasa magoti yalimsumbua, lakini macho yalikuwa makali bado. Aliona kitako cha jeki kikizama kwenye udongo laini.

Mke wa dereva hakuuliza. Alimshika mumewe miguu, akavuta. Dereva alikuwa ametoka nje, hata hajasimama, jeki ilipoteleza. Lori likashuka, puu! Vumbi likapanda, likaelea kwenye mwanga wa jua, likatua polepole. Watu watatu walilitazama likitua.

"Jeki ni ya kuinulia gari," Bi Msasa alisema mwishowe. "Si ya kulalia chini yake. Na lori liko juu hata bila jeki, mwanangu. Cha kushuka ni tumbo lako."

Mke alicheka huku machozi yakimtoka. Dereva alicheka pia.

Bi Msasa alipita getini akiwa na nyundo ndogo. "Sasa tufanye kazi ya watu wazima. Lori lisimame mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Ufunguo utie mfukoni."

Dereva akafanya hivyo, akalishusha na tairi lililoning'inia.

"Nani mwembamba hapa?" Bi Msasa aliuliza.

"Mimi," mke alijibu. Akavaa miwani ya kukinga macho, barakoa na glovu, akaingia chini na nyundo.

"Gonga pole pole. Sikiliza. Chuma kizima huimba. Kilichooza hukohoa."

Mke akagonga. Ting. Ting. Ting. Kulikuwa na ubaridi kule chini. Sauti zilimpitia kichwani kama kengele za mahali asipopajua. Mwanga uliingia kwa pembeni, na kutu ikaonekana nyekundu kama udongo wa mlima unaoonwa kutoka mbali sana. Akasahau kidogo alikuwa wapi.

Kisha, tup.

"Hapa pamekohoa!" alipaza sauti.

Palikuwa penye kishikizo kilichokatika.

"Hapo hapahitaji rangi," alisema Bi Msasa. "Rangi si kiraka. Mwite fundi wa kuchomelea aweke chuma kipya. Akague na mabomba ya breki."

Fundi alikuja, akakata chuma kibovu, akachomelea kipya. Mabomba ya breki aliyaona mazima.

"Sasa nipake?" dereva aliuliza, kopo mkononi.

"Haraka ya nini? Ukipaka juu ya kutu, umeifunika blanketi. Italala vizuri na kuzaa watoto."

Siku hiyo wakaosha. Maji na sabuni vilitoa matope, mafuta na chumvi iliyojificha kwenye pembe zote. Wakasuuza kwa maji mengi. Siku ya pili waliliacha lori likauke. Upepo ulipita chini yake mchana kutwa. Watatu hao walikaa kivulini, na Bi Msasa akawasimulia jinsi mto unavyoonekana kwa mtu aliyening'inia juu yake. Maji hukimbia bila kusimama, alisema, mpaka unadhani ni daraja linaloondoka, nawe umelipanda.

Siku ya tatu mke alisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Kutu legevu yote ilidondoka. Chuma kikabaki kigumu. Akakifuta vumbi kwa kitambaa kikavu.

"Bomba la moshi lifunike kwa gazeti," Bi Msasa alielekeza akiwa ameketi juu ya ndoo. "Linapata moto, rangi itaungua. Funika breki na mipira yote. Na vitundu vidogo vya kutolea maji usivizibe. Maji yakikosa njia, kutu inapata nyumba."

"Na jiko?" mke aliuliza. Jiko la mkaa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Umesema vyema! Lipelekeni mbali. Hewa ya rangi hii hushika moto. Na asivute mtu sigara."

Walianza na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile inayopakwa kwanza. Ilipokauka kabisa, walipaka rangi nyeusi ya chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba lori, mara mbili, wakisubiri kila mara ikauke. Dereva alipaka pembeni, mahali ambapo tumbo liliruhusu. Mkewe alipaka katikati. Brashi ilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na nyuma yake chuma kikawa cheusi na laini.

"Rangi ya buluu niifanyeje?" dereva aliuliza.

"Paka kiti," alisema Bi Msasa. "Nimechoka kukalia ndoo."

Mvua zilikuja, zikanyesha wiki nyingi. Kila baada ya safari dereva aliosha lori chini kwa maji safi. Kila mwezi mkewe aliingia na tochi. Palipochubuka alipasugua na kupapaka upya, pakiwa padogo bado. Mkaguzi wa magari alipochungulia chini aliuliza, "Fundi wako nani?"

"Mke wangu."

"Mwambie na mimi nina gari."

Mvua zilipoisha, mke alikwenda na mumewe kwenye mabwawa ya chumvi. Hakuwa amewahi kufika huko. Lori lilisimama juu ya tuta jembamba. Kulia na kushoto maji yalikuwa kimya, meupe kama mbingu yenyewe. Ilikuwa vigumu kujua nchi inaishia wapi. Alishuka, akatembea hadi ukingoni, akatazama majini. Mawingu yalipita polepole chini ya miguu yake. Katikati ya mawingu hayo lori lilielea kichwa chini, na tumbo lake lote lilionekana, jeusi, zima, bila doa.

"Unatazama nini muda wote huo?" dereva aliita.

"Kazi yangu," alijibu.

Dereva akaja, akasimama kando yake, akatazama naye.