Bakuli la Shen Jirong

Jiwe la kijani huwa baridi hata katikati ya kiangazi. Lakini bakuli alilokuwa akilichonga Shen Jirong, fundi wa mawe ya thamani pale Suzhou, lilikuwa na joto la shavu lenye homa.

Lilikuwa bakuli la kitawa, la kupokelea sadaka ya chakula, nalo liliagizwa na Kaisari mwenyewe. Jiwe alilopewa na kasri lilikuwa limempasukia Shen mikononi, na kosa hilo adhabu yake ni kifo. Kwa hiyo alipanda mlimani, akafukua kaburi la kale, akakata nusu ya mto wa jiwe la kijani uliowekwa chini ya kichwa cha maiti wa kike. Hakumwambia mtu.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alitoa miguu kwenye kanyagio la gurudumu la kusagia mawe. Gurudumu likasimama. Sauti ya kusaga haikusimama. Ilitoka ndani ya bakuli, taratibu, kama meno yanayotafuna mchanga.

"Baba Qiulan," mkewe alinong'ona mlangoni, "nani anakula humo?"

"Hakuna mtu. Rudi jikoni."

"Nirudi kufanya nini? Wali nimeuepua sasa hivi, na umeshaoza!"

Ndipo harufu ya udongo mbichi ilipojaa nyumba nzima, ikapanda kutoka sakafuni hadi kwenye mapazia, na walipotoka kumtafuta binti yao wa miaka sita, kisha wakarudi karakanani, walimkuta amechuchumaa mbele ya bakuli, kichwa kimelala begani, akitafuna pasipo kitu mdomoni, akisema kwa sauti ya kikongwe: "Shingo inaniuma."

Wakamwita mtawa Miaojing. Shen akaanguka miguuni pake, akasema yote.

"Mrudishie," mtawa alisema.

"Mama mtawa, nikirudisha nitakatwa kichwa!"

Mtawa alimtazama mtoto, akashusha pumzi. Alisoma sala siku tatu bila kulala, mpaka Qiulan akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Yule wa kaburini nimemtuliza tu," alisema akiondoka. "Usimguse tena."

Bakuli likapelekwa Beijing. Miezi minne nyumba ilikuwa kimya. Kisha akaja mjumbe wa kasri: Kaisari amelipenda mno, anataka la pili, rangi ileile, kutoka jiwe lilelile.

Shen alishukuru, paji la uso sakafuni. Mjumbe alipotoka, mkewe alikuwa tayari anafunga nguo za mtoto.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu," alijibu bila kugeuka. "Na wewe usitufuate."