Mlango wa Nne

Mwaka ule wa 1954, katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, kafyu ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni. Kabla haijafika, mimi Nasimiyu nilikuwa nimeshateka maji na kuosha sufuria, nasi tumeketi kuombea nchi.

Mama hakupenda maombi ya jumla jumla. "Nchi ni watu, na watu wana milango," alisema. Basi mtoto wa zamu aliwataja majirani wa safu yetu mlango kwa mlango, wa kwanza hadi wa nane. Kuta za landhi hazikufika paani, kwa hiyo jirani akisikia mlango wake umetajwa, aliitikia "Amina" huko huko kwake.

Jumanne askari walimchukua Baba Karanja wa mlango wa nne, kwa sababu tu alikuwa Mkikuyu. Mkewe, ambaye Jumapili jioni alikuja kuomba nasi chumbani kwetu, alibaki amesimama nje, mtoto Karanja mgongoni.

Bombani, Truphosa wa mlango wa sita alininong'oneza, "Ole wako ukiwataja wa mlango wa nne leo. Askari wakisikia, baba yako naye atapanda lori." Niligeuka kwa haraka, nikamwaga nusu debe.

Jioni zamu ilikuwa yangu. Nikataja mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikarukia wa tano, ambao ni wetu, nikaendelea hadi mwisho. Mama alinitazama, hakusema neno. Ng'ambo ya ukuta Karanja alikuwa akilia.

Kisha sauti ya mama yake ikasikika, polepole. Naye aliomba mlango kwa mlango. Alipofika wa tano alisema, "Bwana, mponye Nasimiyu kikohozi chake." Niliona haya, nikashindwa hata kuitikia.

Asubuhi askari wawili walirudi mlango wa nne. "Huyu mama alikuwa wapi Jumapili jioni?" wakauliza. "Tumeambiwa alikwenda kula kiapo cha Mau Mau."

"Nilikuwa mlango wa tano, tukiomba," Mama Karanja akajibu.

Askari mmoja akacheka. "Shahidi ni nani?"

Majirani wakainamisha vichwa. Baba alikuwa kazini, Mama yuko bombani. Nilijua nikinyamaza, Mama Karanja atapakiwa na mtoto wake.

"Mimi," nikasema. "Alikuwa kwetu. Nilisoma Zaburi, yeye akanishikia taa."

Mama alifika mbio na debe kichwani. "Mtoto anasema kweli. Andikeni na jina langu." Mzee Owino wa mlango wa pili naye akakohoa, akasema alimsikia akiimba. Askari wakatazamana, kisha wakaenda zao.

Jioni nilimwomba Mama radhi.

"Kamwombe jirani," akasema. "Mimi pia nilinyamaza jana, kwa hiyo woga haukuwa wako peke yako. Lakini mwanangu, ukiombea nchi ukaruka mlango mmoja, hujaiombea. Na mtu uliyemtaja mbele za Mungu, usimkane mbele ya askari."

Baba Karanja hakurudi juma lile, wala mwezi ule, na malori hatukuacha kuyaogopa. Ila jioni hiyo Mama alinipa zamu tena. Nilipotaja mlango wa nne, nikangoja.

"Amina," ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta.